Ngozi ya Samoni, Ukoko wa Pishori

Mpwa wangu alifika Jumapili baada ya kanisa akiwa amebeba mkebe wa aiskrimu, ule mkubwa wa lita mbili, na watoto wa ploti wakamfuata hadi mlangoni. Alipoufunua wakatawanyika. Ndani mlikuwa na ngozi za samaki. Ngozi tupu, zenye rangi ya fedha upande mmoja, zimepakwa chumvi na kukunjwa kama leso. "Ni za samoni, Mjomba," akasema, na kwa jinsi alivyolitamka jina hilo ungedhani ametuletea posa.

Yeye anaishi Kawangware na anapika Lavington. Kati ya mitaa hiyo miwili kuna barabara ya James Gichuru, na kila alfajiri watu huivuka kwa miguu kwenda kupika, kufua, kulinda malango na kukata nyasi, kisha jioni wakaivuka tena kurudi nyumbani. Huko kazini kwake, anasema, watoto siku hizi hawaulizi chapati. Wanauliza bakuli: wali chini, vipande vya samoni vilivyokaangwa vikakauka nje na kubaki laini ndani, tango na parachichi pembeni, na juu yake mchuzi mzito wa mayonezi na pilipili uliochorwa mistari kama keki. Analipika mara mbili kwa wiki na hajawahi kulila. Wenye nyumba hawali ngozi, kwa hiyo huichuna na kumpa paka. Safari hii aliomba ruhusa aje nayo Kambi Muru, ampikie haboba bakuli la Lavington.

Haboba ni nyanya kwa Kinubi. Huyu wetu si nyanya wa damu. Ndiye mwenye ploti, na sisi wapangaji wake wote, Mluhya, Mjaluo, Mkamba, tumekuwa wajukuu bila kuulizwa. Kambi yenyewe ilipata jina lake kwa Wamoru, watu wa kusini mwa Sudan, ambao walikuwa miongoni mwa askari waliohudumu chini ya Waingereza na kisha kuachiwa ardhi hii wakae na familia zao mwanzoni mwa karne iliyopita. Jirani kulikuwa na Kambi Aluru na Kambi Lendu, kila moja na watu wake. Wote hao, Wanubi, ndio walioliita eneo zima Kibra (leo Kibera), yaani msitu, na msitu ulikuwepo kweli: zaidi ya ekari 4,000 zilitengwa mwaka 1918. Hati ambayo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa na serikali hatimaye mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Haboba hupenda kusema kwamba yeye amezoea kupewa kinachobaki, kwa hiyo ngozi hazikumshtua.

Alizichukua moja baada ya nyingine, akazinusa, akazipitishia kidole upande wa magamba. "Samaki huyu ana mafuta," akasema. "Huyu hatadai mafuta yangu mengi."

Alikuwa amepatia. Samoni ni samaki wa maji baridi na mafuta yake yamelala chini ya ngozi na katikati ya nyama, ndiyo maana mpishi hodari humweka kwenye kikaango ngozi ikiwa chini na kumwacha ajikaange kwa mafuta yake mwenyewe. Anayeuzwa Nairobi mara nyingi ni yule wa Atlantiki, anayefugwa ndani ya vizimba vya nyavu baharini, na nchi inayoongoza kwa kumfuga ni Norwe. Ile rangi yake ya machungwa inayovutia pichani pia ina hadithi. Samoni wa mwituni huipata kwa kula kamba na jamaa zao wadogo wa baharini. Wa kufugwa huchanganyiwa kiini hicho cha rangi kwenye chakula chake, na bila hivyo nyama yake ingekuwa ya kijivujivu.

Hata huko kwa Wajapani, ambako wengi wetu tunadhani bakuli hili ndiko lilikozaliwa, samoni mbichi ni mgeni wa juzi. Wajapani kwa kawaida walikuwa wakimpika, kwa sababu samoni wa bahari yao ya Pasifiki hubeba minyoo. Ni Wanorwe walioenda kuwabembeleza miaka ya 1980, wakiwa na samaki wa kufugwa ambao hawakujua wamuuzie nani. Walibembeleza miaka mingi, na leo mtoto wa Tokyo anayeketi kula sushi hawezi kufikiria meza bila samoni. Kisha mwaka 2021 mwanamke wa California, Emily Mariko, akajirekodi TikTok akiponda kwa uma kiporo chake cha samoni, akakifunika kwa wali na kipande cha barafu, akakipasha moto, akatia mchuzi wa soya, pilipili ya sriracha na mayonezi, akakila na parachichi na mwani mkavu. Hakusema chochote. Ulimwengu mzima ukaingia jikoni kumwiga, na Lavington ikiwemo. Jambo ninalolipenda katika kisa hiki, na ambalo wengi wamelisahau, ni kwamba lile bakuli lilikuwa kiporo.

Ngozi za mpwa wangu hazingetosha watu sita. Tulihitaji samaki mwingine, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Mama anayekaanga samaki karibu na njia ya Makina alikuwa na vitu vitatu siku hiyo: ngege wadogo, mgongo wazi na omena. Ngege wazima bei yake ilikuwa imepanda, na mpwa wangu akaona tuchukue mgongo wazi, ambao ni nafuu na una ladha kuliko samaki yeyote wa friza. Kwa msomaji asiyewahi kuula, mgongo wazi ni kile kinachobaki mbuta akishanyofolewa minofu kiwandani: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyoponyoka kisu. Hukaangwa mzima kwenye karai mpaka mapezi yanakatika kama kaukau.

Mbuta hakuwa mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alitiwa humo miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawala samaki wadogo wa asili kwa mamia ya aina na kujaza ziwa kwa ukoo wake. Haboba anaikumbuka Kibera ya kabla yake. Samaki, anasema, alikuwa ngege, na alikuwa akija kwa reli. Reli hiyo, iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901, leo inapita Kibera huku watu wakitandaza viatu vya mitumba kando yake. Mbuta aliposhika ziwa, viwanda vya minofu vikaota Kisumu, Mwanza na Jinja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Bondo, lile pulizo la ndani linalomwelesha samaki, likapata wanunuzi Uchina wanaolilipia kuliko hata nyama. Mifupa ikapanda lori kuja Gikomba, na kutoka Gikomba ikasambaa hadi kwetu na kwa wenzetu wa Kawangware.

Kwa hiyo chaguo letu lilikuwa mabaki ya samaki wawili wa mbali sana. Ngozi ya yule ambaye minofu yake imeliwa Lavington, na mifupa ya yule ambaye minofu yake imeliwa labda Antwerp.

Lakini kwa haboba tatizo halikuwa siasa hiyo. Yeye aliliona kwenye kijiko. "Hili bakuli lenu," alimuuliza mpwa wangu, "linaliwa kwa nini?" Kwa kijiko, au vijiti. "Na mwiba?" Mpwa akanyamaza.

Nimelifikiria swali hilo wiki nzima. Mgongo wazi huliwa kwa vidole kumi. Unavunja, unafyonza shavu, unachokoa jicho, unahisi kwa ncha ya ulimi kabla hujameza, na sahani ya ugali iko kando isiyochanganyika na mifupa. Ukiumwaga juu ya wali, ukamwagia mchuzi mzito usiopenyeka kwa macho, ukampa mtoto kijiko, umemtegea mtego. Bakuli la aina hii lilibuniwa na watu ambao samaki wao huwafikia akiwa hana mwiba. Mchuzi wenyewe umekaa kimnofu. Ndiyo sababu haliwezi kuigwa Kambi Muru kwa kubadilisha tu samaki mmoja kwa mwingine, kama wanavyoshauri wale wapishi wa redioni ambao kila kitu kwao "waweza kutumia tilapia."

Jibu lilikuwa omena. Samaki ambaye mwiba wake ni sehemu ya utamu, anayeliwa kichwa hadi mkia, na ambaye anaingia kijikoni kumi kwa mpigo. Tukanunua gorogoro moja, na mgongo wazi mmoja wa haboba mwenyewe, kwa sababu hakukubali kutoka mikono mitupu.

Sasa niseme kuhusu kukausha, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu.

Mpwa wangu amefundishwa na kazi. Alizitandaza zile ngozi kwenye kitambaa safi na kuzikandamiza mpaka kitambaa kikalowa, akabadilisha kitambaa, akarudia. Chumvi aliyoipaka tangu Jumamosi usiku ilikuwa imeshavuta maji ya ndani na kuyaleta juu. Huko Lavington, anasema, wana kikaangio cha hewa moto, unatia vipande, unabonyeza, unaenda zako. Hapa kulikuwa na jiko la makaa na karai. Haboba alimtazama akikandamiza kitambaa na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu yeye pia, na mama wa Makina pia, na kila anayekaanga samaki kwa riziki, anajua kwamba adui ni maji. Samaki mwenye maji akiingia kwenye mafuta anachemka kwanza. Maji hayapiti joto la nyuzi 100 bila kugeuka mvuke, na maadamu yapo, ngozi haiwezi kupata lile joto kubwa zaidi linaloibadilisha rangi na kuifanya ivunjike. Yote anayoyafanya mama wa samaki, kuwaanika kwenye waya wakipigwa na upepo, kuwachanja ubavuni, kuwapaka chumvi mapema, ni kuyafukuza maji kabla ya moto kuanza kazi hiyo.

Kisha kuna sauti. Haboba haoni vizuri siku hizi na hukaanga kwa masikio. Omena wakiingia, mafuta hupiga kelele kama mvua ya mawe kwenye mabati. Kelele ile ni maji yanayotoka. Usiwaguse, usifunike, usiongeze wengine kwa pupa maana karai itapoa na wataanza kunywa mafuta. Kelele itapungua, itakuwa mnong'ono. Ikikaribia kunyamaza, toa. Mpwa wangu alikuwa akitazama rangi. Haboba alikuwa ameinamisha kichwa, na akasema "toa" sekunde chache kabla sijaona tofauti yoyote. Walikuwa wamekauka sawasawa.

Omena walikuwa wameoshwa kwanza kwa maji moto, mara tatu, kwa ajili ya mchanga, na kutandazwa kwenye ungo juani karibu saa nzima. Hatua hiyo haina mkato. Zile ngozi za samoni zilipikwa mwisho, kwenye kikaango, bila mafuta kabisa, na juu yake tukaweka sufuria ndogo yenye maji ili zisijikunje. Zilitoa mafuta yao wenyewe, karibu kijiko cha mezani kila moja, na zikawa kama vigae. Watoto waliokuwa wametawanyika walirudi.

Wali nao ulikuwa na ugomvi wake. Mpwa alitaka mchele wa mviringo unaoshikamana, kama wa Kijapani. Haboba anapika pishori na hajui mwingine. Pishori, ambao jina lake husemwa kuwa linatokana na Peshawar, hulimwa Mwea, kule Kirinyaga, kwenye mashamba ya umwagiliaji yaliyoanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau. Punje zake ni ndefu, zinanukia hata kwa jirani, na hazishikamani. Kwa bakuli la vijiti ni balaa. Kwa kijiko hazina neno.

Na zina ukoko. Hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu kwamba matajiri wake wanahangaika bure kutafuta ukavu kwenye samaki peke yake. Haboba hutia mafuta kidogo chini ya sufuria, huosha mchele mpaka maji yawe maangavu, huupika hadi maji yakauke, kisha hupunguza makaa chini na kuyapalia juu ya kifuniko. Robo saa baadaye kuna wali juu na kigae cha rangi ya asali chini. Wairani huupindua ukoko wao na kuupakulia mgeni wa heshima, Wahispania hupimana ustadi kwa ukoko wa paella. Sisi tumeuacha uwe mali ya mtoto anayeosha sufuria.

Ulibaki mchuzi. Mayonezi ni yai bichi, mafuta na siki au ndimu: kiini cha yai hushika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mwingine, vikakubaliana kukaa pamoja. Ni kitu kizuri, lakini kinataka friji, na friji inataka stima ambayo haikatiki. Haboba akaagiza karanga. Wanubi, Wajaluo na Waganda wote wamekuwa wakifanya mchuzi mzito kwa karanga bila kumwuliza kuku. Tulizikaanga kavu, tukazipepeta maganda, tukazitwanga na vitunguu saumu hadi zikatoa mafuta. Pilipili kichaa nne tulizichoma juu ya makaa mpaka ngozi ikawa nyeusi, zikaingia kinuni pia. Kisha maziwa lala, kidogo kidogo, na ndimu. Ukitia kijiko cha kwanza cha maziwa, karanga hukasirika na kukaza kama udongo, na asiyejua hudhani ameharibu. Endelea. Kijiko cha nne au cha tano, mchuzi unalegea ghafla, unakuwa laini, unang'aa. Mpwa wangu alionja, akafumba macho, akasema atajaribu kuupika kazini na kuona kama watoto watagundua.

Mtu mmoja pale uani, mpangaji anayefanya kazi ya ulinzi, alituuliza kwa nini Kenya isifuge samoni wake. Nikamwambia tuna binamu yake tayari. Trauti, wa ukoo uleule, aliletwa na mlowezi Ewart Grogan kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa mto Gura kwenye milima ya Nyandarua, ili mabwana wapate wa kuvua wakiwa likizo. Yuko mpaka leo katika mito baridi ya huko na ya Mlima Kenya, na wapo wanaomfuga. Mlinzi akauliza bei. Nikamwambia, akarudi kula omena wake.

Tulipakua hivi: wali, parachichi moja kubwa la kienyeji lililogawiwa sita, kachumbari ya tango na kitunguu na dania, omena rundo, mchuzi wa karanga juu, na mwisho kipande cha ngozi ya samoni kilichochomekwa kama bendera. Ngozi ile, niseme kweli, ilikuwa tamu. Ilivunjika kwa sauti na kuacha mafuta mazito mdomoni, na nilielewa kwa nini watu hulipia. Lakini ilikwisha kwa tafuno mbili, na baada yake nilikuwa nikila omena na karanga na pilipili, na sikuikumbuka tena hadi mpwa aliponiuliza. Kosa letu lilikuwa kumwaga mchuzi mapema mno. Waliochelewa kuketi waliwakuta omena wameshalowa, na kazi yote ya kitambaa na ungo ikawa imekwenda na maji. Mchuzi ukae kando, kila mtu achovye.

Haboba alikula kidogo ya bakuli kwa adabu, akasema ni chakula cha watu wenye haraka. Kisha akasogeza sahani yake ya mgongo wazi na akaanza na shavu.

Kufikia saa kumi na moja mpwa wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria, mwiko mkononi, anabandua ukoko vipande vikubwa na kuuchovya kwenye kilichobaki cha mchuzi. Haboba alisikia mwiko ukikwaruza.

"Wewe, si unaolewa Aprili?" akamwuliza. "Unajua anayekula ukoko mvua humnyeshea siku ya harusi yake."

Mpwa akasita, kipande kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Haboba, Aprili na Kambi Muru," akasema, "mvua itanyesha tu."

Haboba akafikiri kidogo, akamnyooshea kiganja. "Basi nigawie."